Vyuma vya Ukoo

Daktari Naila alipomaliza kueleza, Riasat alitikisa kichwa kwa heshima zote za mtu aliyeelewa, na mkewe Surayya, aliyeishi na kichwa hicho karibu miaka thelathini, akajua hakijaingia kitu.

"Hebu nieleze mimi, binti yangu," alisema Surayya. "Huyu ananisindikiza tu."

Daktari akaigeuza tena picha ya eksirei kwenye mwanga. Alikuwa mwanamke kijana, mtu wa Quetta, ameletwa Sialkot miezi michache tu iliyopita. "Hapa kwenye kifundo cha mkono, mama, kuna mifupa midogo midogo, imekaa kama mawe ya ukuta. Huu wa upande wa kidole gumba ulilegea zamani, ukainama, na wenzake wakaanza kusagana. Uliwahi kuanguka?"

"Darini, nikianua pilipili. Mwanangu Sumbul alikuwa bado ananyonya."

"Na sasa?"

"Sasa anaolewa."

Daktari akapumua kwa nguvu. "Basi. Njia ni mbili. Ya kwanza, nafunga kifundo chote. Maumivu yanakwisha, lakini mkono utakuwa kama mwiko, haukunjiki. Ya pili, nautoa huu mfupa mbovu, kisha hii minne nyuma yake naiunganisha iwe kitu kimoja. Hapo utabakiwa na nusu ya kukunja."

Surayya aliutazama mkono wake wa kulia. Alikuwa mshonaji wa mipira ya miguu, tena si mshonaji hivi hivi. Wanawake wa mtaa mzima walishona vipande vyao wenyewe, lakini ikifika kufunga, pale mdomo wa mpira unapobaki mwembamba na inabidi kidole kizame ndani huku kifundo kimekunjwa, nusu yao walimletea Surayya. Pesa za kazi hiyo ndizo pekee nyumbani mwake ambazo hakuziomba kwa mtu. Kwa pesa hizo Sumbul alikuwa Lahore akisomea ualimu, na mtihani wake wa mwisho ulikuwa mlangoni.

"Nusu inanitosha," alisema. "Mwiko ninao jikoni. Na hiyo minne isiposhikana?"

"Tutarudi kufunga chote."

"Hapana."

"Ndiyo maana tunaishikilia kwa chuma mpaka iungane. Kuna waya, kuna sahani ndogo ya duara, kuna skrubu zisizo na kichwa. Vyote nimevitumia, na kila kimoja kina raha yake na karaha yake. Hospitali inavyo. Lakini mkipenda kuleta vya kwenu, viwe kwenye pakiti yenye muhuri, nitavitazama."

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa kosa, na daktari hakujua. Angekuwa mtu wa hapa angeuma ulimi. Katika mji wetu huwezi kumwambia mtu alete chuma cha kuingia mwilini bila kuvunja ukoo, kwa sababu kila nyumba inatengeneza kimoja. Usiku na mchana ni tupa na nyundo. Tunapeleka mikasi na koleo za madaktari duniani kote. Kaka yake Surayya, Inayat, alikuwa akitengeneza waya za mifupa. Mume wa dada yake Riasat, Barkat, alikuwa na karakana ya sahani. Na Haji Manzur, baba wa kijana aliyemchumbia Sumbul, alijulikana kwa skrubu.

Riasat safari hii alikuwa ameelewa, uso ukamsawijika.

* * *

Walikuja wote watatu Ijumaa baada ya swala, kila mmoja kwa nia njema na sampuli mfukoni. Surayya akawatandikia sebuleni, akasogeza kando kikapu chake chenye mpira uliobakia mdomo wazi, akaleta dengu za kukaanga na birika la chai ya waridi. Alilishika kwa mkono wa kushoto na kulitegemezea wa kulia, na kila hatua ilimchoma mpaka kwenye kiwiko.

"Dada ni dada yangu," alianza Inayat, kana kwamba kuna aliyebisha. "Atatiwa waya. Waya una adabu. Unaingia kwa tundu dogo, unakaa, kazi ikiisha unaaga na kuondoka."

"Unaaga!" Barkat alichota dengu kiganja kizima. "Ncha zake zimetokeza kama ndevu za paka, wadudu wanapita hapo hapo kuingia. Shemeji yangu atakaa na usaha mpaka harusi. Sahani ndiyo kitu. Duara kamili, kila mfupa una skrubu yake, hakuna anayemwonea mwenzake."

Haji Manzur alitabasamu kwa upole wa watu waliokwenda Makka. "Sahani ni nzuri, ndugu yangu Barkat. Nzuri sana. Ila isipozama sawasawa, kila akikunja mkono inagonga mfupa wa juu. Tak. Tak. Mkwe wangu atakuwa saa ya ukutani."

"Na skrubu yako ikipotea njia?" Inayat akadakia. "Imezama ndani, haina hata kichwa cha kushika. Kuitoa ni kuchimba kisima."

"Haipotei."

"Yako imewahi kupotea?"

"Mimi naitengeneza. Siipigi mfupani."

Ajabu ni kwamba yote waliyosema yalikuwa kweli, maana mtu hujua aibu za bidhaa ya jirani kuliko za kwake. Wakazitoa sampuli, wakazipanga kwenye sinia kati ya vikombe: waya zinang'aa, sahani ndogo kama kifungo cha koti, na skrubu moja ya Haji isiyozidi punje ya mchele mrefu. Riasat akazipokea moja moja, akazisifu zote kwa maneno yale yale. Hakuna aliyemtazama Surayya, wala aliyeuliza mkono wenyewe unauma wapi.

Alipoinama kumimina, kifundo kikakatika kwa maumivu, na birika likamponyoka.

Wazee watatu waliruka kwa wepesi usiolingana na umri wao. Chai ikafurika sinia, sinia likapinduka, vikombe vikabiringika. Riasat akakimbilia kitambaa. "Polepole basi, mama Sumbul!" alifoka. "Mbele ya wageni!" Surayya akabaki amepiga magoti, mkono kifuani, machozi yakimlengalenga, na aibu ikamuuma kuliko mfupa. Mtu ameitiwa ukoo mzima kwa sababu ya mkono wake, halafu anagombezwa kwa sababu ya mkono huo huo.

Walipomaliza kukung'uta nguo, waya zilionekana, sahani ikaonekana. Skrubu haikuonekana.

Wakatafuta chini ya mito. Wakakung'uta mkeka. Macho ya Haji Manzur yakatua kwenye taya za Barkat, zilizokuwa zikitafuna dengu muda wote huo, hata wakati wa kuruka.

"Ndugu Barkat," alisema taratibu. "Hizo dengu ni ngumu?"

"Unamaanisha nini?"

"Nauliza tu. Nimesikia kitu kikilia kwenye jino."

"Nimekula skrubu yako? Mimi?"

"Sikusema umeikula. Labda umeimeza."

Barkat akasimama, akavaa kofia, akaelekea mlangoni bila kuaga.

* * *

Katika koo zetu mume wa shangazi hununa. Si tabia, ni cheo. Harusi isiyo na mume wa shangazi aliyenuna watu huiulizia kama pilau isiyo na nyama. Hununa kwa kutoitwa mapema, akiitwa mapema hununa kwa kuharakishwa, na akishanuna sharti wazee waende kumbembeleza kwa sanduku la halua. Lakini Barkat, mume wa shangazi yake Sumbul, alikuwa amezoea kununa kwa sababu ndogo. Safari hii alipata ya kweli, akaila kama mtu aliyefunga mwezi mzima.

Riasat akaenda na halua. Barkat alimpokea amelala, kisogo mlangoni.

"Mwambie yule Haji nimekwenda kupiga picha ya tumbo. Kwa gharama yangu. Tumbo ni jeupe! Hakuna skrubu."

"Najua, shemeji."

"Unajua nini? Ulikaa kimya kama mtungi."

"Shemeji, rudi nyumbani kwetu. Atatiwa sahani. Nimeamua. Sahani yako."

Kisogo kikageuka. Barkat akala halua.

Habari za tumbo jeupe zikamfikia Haji, naye akajibu kuwa kumeza ni siku moja, na picha imepigwa siku ya nne, hesabu wafanye wenyewe. Kisha akamwita Riasat pembeni ya msikiti. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliotisha. Mkewe, alisema, ameuliza kama nyumba ambamo chuma cha mtu kinadhihakiwa ndiyo nyumba ya kutoa bibi harusi. Yeye mwenyewe hana neno. Lakini wanawake, unajua tena.

"Mkwe, ni skrubu," alisema Riasat haraka. "Tangu mwanzo moyoni mwangu ilikuwa skrubu."

Inayat yeye hakutisha. Alilia. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha dada yake na kumkumbusha marehemu mama yao, na Riasat, ambaye machozi ya mwanamume humchanganya, akaahidi waya kabla hajamaliza.

Kwa hiyo dawati la hospitali likapokea pakiti tatu zenye muhuri kwa jina la mgonjwa mmoja.

Njia ya mwongo ni fupi. Jioni Riasat alipokuwa akinawa, Surayya akamuuliza, "Baba Sumbul, mkono wangu una nafasi ya vyuma vyote vitatu?"

"Nilikuwa natafuta amani ya nyumba."

"Ndani ya kifundo changu?"

Riasat akajifuta uso kwa muda mrefu kuliko maji yaliyokuwepo.

* * *

Daktari Naila aliziweka zile pakiti mezani, akamtazama Riasat, na Riasat akatazama dari.

"Mzee, huu ni mkono wa mama mmoja. Si maonyesho ya biashara."

"Ukoo, daktari," alisema Riasat kinyonge.

"Mimi nataka kuuliza," Surayya alisema. "Kati ya hivi vitatu, kipi kitashikanisha mifupa yangu?"

Daktari akavuta kiti karibu naye. "Nikwambie ukweli wangu? Waya ni rahisi kuuweka, ila lazima tuje tuutoe, na unaweza kuingiza uchafu. Sahani imara, lakini zile za zamani mifupa ilikataa kushikana mara nyingi zaidi, na isipozama inagonga. Skrubu inajificha vizuri, inahitaji mkono usiotetemeka. Nikikosea kimoja ni kosa langu, si la chuma. Tofauti ipo, lakini si kubwa kama wauzaji wanavyosema. Kinachoshikanisha ni vitu viwili. Mimi nisafishe mifupa vizuri na kutia unga wa mfupa katikati. Na wewe upumzishe mkono."

"Nitaupumzisha."

"Nani anakanda unga kwenu?"

Surayya akamtazama Riasat.

"Nani anafua? Nani anaminya nguo? Mama, nimeona wanaokuja hapa. Nawafunga plasta Jumatatu, Alhamisi plasta ina unga mpaka kwenye vidole. Chuma hakiwezi kushindana na kinu cha nyumbani. Miezi miwili, pengine zaidi kidogo, mkono huu usifanye kitu. Ukifanya, mifupa itakataa, na nitaufunga wote."

Wakiwa njiani Riasat akapata wazo, na furaha ikamjaa. "Nitampigia Sumbul simu arudi!"

"Akaache mtihani?"

"Miezi miwili tu."

Surayya akasimama katikati ya njia, pikipiki zikampitia huku na huku. "Ukimwita mwanangu, baba Sumbul, nitamwambia daktari aufunge mkono wote leo hii, uwe mwiko, na mwiko huo nitakuchapia nao."

Riasat hakumpigia Sumbul. Lakini Surayya hakulala vizuri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa wanaume watatu walikuwa wamepigania kitanda chake wiki nzima bila hata mmoja kukilalia. Kila mmoja alitoa chuma. Alifikiri sana juu ya jambo hilo, na asubuhi akaamka na uso uliotulia, jambo ambalo Riasat alilijua na kuliogopa.

* * *

Aliwaita wote watatu. Barkat alikaa mbali kabisa na dengu.

"Kaka, shemeji, mkwe," Surayya alisema, "Mungu awalipe. Daktari amesema vyuma vyote vitatu vinafaa. Kwa hiyo kuchagua ni kwangu, na mimi nina sharti moja."

"Sema, dada," alisema Inayat. "Hata kiwe cha dhahabu."

"Mwenye chuma nitakachochagua atakuja hapa kila asubuhi akande unga na kuchoma chapati za siku nzima, mpaka mifupa ishikane."

"Hilo tu?" Barkat akacheka. "Zohra atakuja!"

Nyuma ya pazia, walikokaa wanawake, ikasikika sauti ya mkewe. "Zohra gani?"

"Si wake zenu," alisema Surayya. "Zohra ana mgongo, na mke wa Haji ana sukari. Chuma si cha wake zenu. Ni mwenye karakana mwenyewe, kwa mikono yake."

Tupa za karakana jirani zikasikika moja moja. Haji Manzur ndiye aliyekohoa kwanza.

"Unajua," alisema, "nimekuwa nikiitafakari sahani ya ndugu Barkat. Tusimdhulumu mtu. Kile chuma kina nguvu."

"Hapana, hapana, Haji!" Barkat akainua mikono yote miwili. "Skrubu ni skrubu. Inajificha. Haigongi. Mimi mwenyewe ningekuwa na kifundo kibovu ningetia yako."

"Na waya jamani?" Haji akasema. "Ule una adabu. Unaaga."

"Waya una wadudu!" Inayat alipiga kelele. "Dada, mimi nakupenda, siwezi kukutia wadudu!"

Nyuma ya pazia kulikuwa na kicheko kilichozibwa kwa shungi. Riasat peke yake alikuwa ametulia. Hakuwa na chuma. Kazi yake maisha yote ilikuwa kung'arisha mipini ya mikasi ya watu wengine, na kwa mara ya kwanza alimshukuru Mungu kwa hilo.

"Basi," alisema Surayya, "mmenishinda kwa kupendana. Pakiti zote ziko kwa daktari. Atachagua yeye akishauona mfupa. Mimi nitajua, ninyi hamtajua mpaka niishike tena sindano. Siku hiyo nitamtaja mwenye chuma mbele ya watu wote, na nitasema pia alikanda au hakukanda."

* * *

Alipozinduka baada ya upasuaji, mkono ulikuwa mzito na umeninginizwa. Daktari Naila akainama akamnong'oneza sikioni. Surayya akacheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kama dawa imemlevya.

Nyumbani siku ya kwanza hakuja mtu. Riasat akanunua chapati za tanuri dukani, wakala. Siku ya pili, alfajiri, Inayat akabisha hodi, macho chini.

"Nimepita tu," alisema. "Unga uko wapi?"

Alikuwa bado na unga mpaka kwenye nyusi Barkat alipochungulia getini, akamwona, akarudi nyuma, akasimama barabarani akipiga hesabu. Kama chuma ni cha Inayat, Inayat amekanda. Kama ni chake, yeye hajakanda, na siku ya kutajwa inakuja. Akaingia. "Huo umeukanda au umeunyonga?" akamwambia Inayat. "Sogea."

Haji Manzur alifika siku ya tatu, kwa gari, amejifunika shuka kichwani ili asitambulike, na mtaa mzima ukamtambua kwa gari.

Chapati za mwanzo hazikuwa na umbo lenye jina. Za Inayat zilikuwa na ncha, na za Haji zilikuwa ngumu, mtu akiuma zinalia kwenye jino. Barkat peke yake ndiye aliyepata duara kamili, akazunguka nazo akiwaonyesha. "Sahani! Mmeona? Mkono wa sahani!" Wakabishana juu ya maji, juu ya chumvi, juu ya unga kupumzika, kwa ukali ule ule waliobishania vyuma, lakini sasa Surayya akala. Alikaa juu ya kitanda cha kamba uani, mkono juu ya mto, akisema, "Maji kidogo, kaka," na "Mkwe, geuza, inaungua," na kila aliposahau na kunyoosha vidole kulichukua sinia, wanaume watatu walipiga kelele kwa pamoja. "Mkono!"

Riasat alivumilia kwa siku kadhaa kupikiwa jikoni kwake na watu wa nje. Kisha asubuhi moja Surayya akaamka akamkuta peke yake mbele ya beseni, mikono imezama, hajui aongeze unga au maji.

"Wewe huna chuma humu," alimwambia.

"Najua." Hakuinua kichwa. "Siku ile ya birika. Nilikugombeza wewe."

Surayya alikaa karibu naye, akamwambia aongeze unga.

* * *

Plasta ilivuliwa majira ya baridi yakiisha. Mkono ulitoka mwembamba, mweupe, una kovu mgongoni mwa kifundo. Daktari akaiweka picha mpya kwenye mwanga: palipokuwa na mistari minne ya giza sasa palikuwa na mfupa. Akamwambia akunje. Kifundo kikakunja kidogo mbele, kidogo nyuma, kikagoma. Surayya akaomba ruhusa, akaketi, akalia: nusu yake ameipata. Wiki kadhaa akafanya mazoezi aliyoelekezwa, na siku aliyoruhusiwa kushika sindano, aliwaita wazee.

Walikuja na wake zao, na Sumbul alikuwa amerudi, amefaulu. Surayya alikaa na kikapu chake, ule mpira wa siku ya birika mapajani, mdomo bado wazi.

"Nimeahidi kumtaja mwenye chuma," alisema. "Sumbul, lete sinia."

Sinia likaja, limefunikwa. Surayya akatoa pakiti, muhuri haujaguswa, akampa Inayat. Barkat na Haji wakatazamana. Akatoa ya pili, akampa Haji. Barkat akajinyoosha, akaweka kofia sawa, akageukia watu kama bwana harusi. Akatoa ya tatu, akampa Barkat.

Wakazigeuza pakiti, wakatazama mihuri.

"Sasa humo mkononi mna nini?" aliuliza Inayat.

"Skrubu za stoo ya hospitali. Daktari alisema angetumia cha mmoja wenu, wawili wangemfuata hadi Quetta."

"Skrubu!" Haji akaanza kuchangamka. "Nilisema mimi! Za kiwanda gani?"

"Sijui, mkwe. Zimetoka ng'ambo."

"Ng'ambo!" walisema wote watatu kwa mpigo, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze walikuwa upande mmoja. Chuma cha ng'ambo, mkononi mwa mwanamke wa Sialkot! Inayat akashika kichwa.

"Kwa hiyo nimekanda unga wote ule bure?" Barkat alisema.

"Si bure, shemeji. Mifupa imeshikana."

Lakini Barkat alikuwa ameshasimama. Akavaa viatu polepole, akafika mlangoni, akampa kila mtu nafasi ya kumwita. Hakuna aliyemwita, maana macho yote yalikuwa kwa Surayya.

Alikuwa ameuinamia mpira. Kabla ya kufunga mdomo ni lazima kidole kiingie kuulaza mfuko wa hewa, na hapo ndipo kifundo hukunjwa. Akakikunja. Kilikwenda, kikaenda tena kidogo, na pale kilipogoma kidole kilikuwa tayari ndani. Uso wake ukafunguka. Kisha ukakunjamana. Kidole kilikuwa kimegusa kitu kigumu, kimenasa kwenye kitambaa cha ndani. Akakivuta taratibu, akakiinua kwenye mwanga, kirefu kama punje ya mchele, bado kina harufu ya chai ya waridi.

Haji Manzur alifumba macho.

Kutoka mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, Barkat alipaza sauti iliyosikika mpaka karakana ya pili. "Sikuimeza! Nilisema! Zohra, umeona? Sikuimeza!"

Alirudi mbio, akaishika ile skrubu, akampelekea Haji chini ya pua, akaipitisha kwa kila mtu, akadai gharama za picha ya tumbo, akadai halua, akadai Haji amwombe radhi amesimama. Haji akasimama, akamwomba radhi, na watu wakacheka mpaka Sumbul akakaa chini.

Surayya hakuwa akiwatazama. Alikuwa amezungusha uzi vidoleni, mkono wa kulia na wa kushoto, akavuta. Kifundo kikauma kidogo, kikashikilia. Fundo likazama ndani ya mshono, halionekani. Akaubonyeza mpira, akaugeuza, akampa Riasat.

"Jaza upepo," alisema. "Kisha ukakande. Wageni watakula."